Yule mdudu kijiti wa Lord Howe

Mkuu, umeuliza kama mdudu anayetegemea mmea mmoja tu kisiwani lazima aishe, aisee mcheki mdudu kijiti wa kisiwa cha Lord Howe, Australia. Kule kilichowamaliza ni panya walioshuka kwenye meli ya Makambo ilipokwama 1918, ikabidi watangazwe wametoweka kabisa. Halafu 2001 watafiti wakapanda Ball's Pyramid, jabali limesimama baharini kama msumari kilomita 23 hivi kutoka hapo, usiku na tochi, wakakuta 24 tu wamejibana kwenye kichaka kimoja cha melaleuka, wadudu weusi tii wanene kama kidole, yaani kichaka kile kingekauka ndo basi tena. 2003 wakachukuliwa wanne kwenda kuzalishwa.