Kura ya "Nipo" ya Obama kule Illinois: Je, Alikuwa Akikwepa?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, Kisumu. Nimesoma kwamba Barack Obama alipokuwa seneta wa jimbo la Illinois alipiga kura ya "nipo" karibu mara 130, si ndiyo wala la. Wengine wanasema ulikuwa woga. Kura hiyo huhesabiwaje?

JIBU: Kwa matokeo, ni sawa na "la". Hapo ndipo wengi hupotea. Katiba ya Illinois inataka mswada uungwe mkono na zaidi ya nusu ya maseneta wote waliochaguliwa, wala si ya waliopiga kura siku hiyo. Seneti yao ina viti 59, kwa hiyo lazima zipatikane ndiyo 30. Tuseme ndiyo ni 29, la ni 20, na nipo ni 10. Kwetu, kama ni mswada wa kawaida, 29 wamewashinda 20 na mambo yamekwisha. Kule Springfield, makao makuu ya Illinois, mswada huo umeanguka.

Seneta huwa na vitufe mezani pake: cha kijani ni ndiyo, chekundu ni la, cha njano ni nipo. Sasa mbona mtu abonyeze njano ikiwa hesabu ni ileile ya chekundu? Aghalabu ni yule anayekubali lengo la mswada lakini anaona kifungu fulani kinagongana na katiba. Njano yake inawaambia wenzake warekebishe kwanza. Wakati mwingine wabunge wa upande mmoja hukubaliana kubonyeza njano kwa pamoja, ili mwenzao anayetoka eneo lenye ushindani mkali asibaki peke yake wakati wa kampeni. Obama aliingia Seneti Januari 1997, na Democrats, chama chake, walikuwa wachache humo hadi 2003. Muda wake mwingi pale aliutumia akiwa upinzani.

Hata hivyo, siwezi kumtetea kwa kila kura. Mwaka 1999 uliletwa mswada wa kuwashtaki kama watu wazima vijana waliofyatua risasi shuleni au karibu na shule. Kuukataa kungemfanya aonekane mlegevu kwa wahalifu. Kuuunga mkono kungewaudhi wapiga kura wake weusi wa Chicago kusini. Alibonyeza njano, na mswada ukapita kwa urahisi. Njano ile, kwa maoni yangu, haikuzuia kitu wala haikusema kitu. Hillary Clinton, mpinzani wake katika kuwania tiketi ya urais ya chama hicho, alipomkabili kwa kura hizi katika mdahalo wa South Carolina, Januari 2008, swali lake lilikuwa la haki.

Mimi humpima zaidi kwa sheria ya 2003 inayowataka polisi warekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji. Polisi waliipinga mwanzoni. Akakaa nao, wakajadiliana vifungu, na Seneti ikaupitisha mswada bila hata kura moja ya kupinga.

Ukitaka kuiona hesabu hii hapa nyumbani, tafuta Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ya Bunge la Taifa ya Februari 2019. Mswada wa usawa wa jinsia, kwa kuwa ulibadilisha Katiba, ulihitaji wabunge 233. Kengele ya kuwaita wabunge ikapigwa, wakahesabiwa 174 ukumbini. Waliobaki nje hawakusema ndiyo wala la, na mswada ukaanguka.