Kabla hujaandika insha juu ya Heathcliff

Insha yangu ya kwanza kuhusu Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë, ilirudi na alama 8 kati ya 20, na pembeni neno moja kwa wino mwekundu: "Umesimulia." Nilikuwa nimejaza kurasa nne nikieleza kwamba Heathcliff, mhusika wake mkuu, alinyanyaswa, kwa hiyo akawa katili. Mhadhiri akaniuliza: alinyang'anywa nini hasa, na nani, na lini? Nikabaki kimya.

Ninyi mnaoanza, anzeni na swali hilo. Pigeni mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande mmoja andikeni alichonyang'anywa, upande wa pili alichojifunza.

Mzee Earnshaw, bwana wa nyumba ya Wuthering Heights, anamwokota Heathcliff mjini Liverpool na kumleta kwake Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mtoto anapewa jina la marehemu mtoto wa nyumba ile, na jina hilo moja ndilo linakuwa lake na la ukoo pia. Katika sura ya 4 Hindley, mwana wa mzee, anamtupia jiwe la mizani la chuma, linampata kifuani. Halii. Heathcliff ameshatishia kumshtaki Hindley kwa mzee, na anaondoka na farasi wa Hindley. Wengi wanaliruka tukio hili kwa sababu linaonekana la kitoto, kumbe hapo ndipo anapogundua kuwa kipigo kina bei na kinaweza kulipisha.

Mzee akishakufa, Hindley anarudi kutoka chuoni kuwa bwana wa nyumba. Heathcliff anashushwa kwa watumishi, anakatizwa masomo, anapelekwa shambani. Ikifika sura ya 8, kijana aliyekuwa akijitahidi kwenda sambamba na Catherine, dada yake Hindley, masomoni ameshakata tamaa. Ananuna, hajali hata anavyoonekana. Andikeni kwa herufi kubwa: fimbo zilikuwepo, ila sura hii haizitaji kuwa chanzo cha mabadiliko haya. Kazi na dharau vimetosha.

Kisha sura ya 9. Catherine anasema kuolewa na Heathcliff kungemshushia hadhi, kwa kuwa Hindley amemdidimiza mno. Heathcliff, aliyelala kwenye benchi asionekane, anatoka na kutoweka usiku huohuo, kabla hajasikia kwamba Catherine anampenda. Mara hii anayempima kwa mizani ya Hindley si adui yake.

Baada ya miaka 3 anarudi na fedha ambazo riwaya haisemi alizipata wapi. Mimi nilikuwa nikisubiri ngumi. Analipiza kwa kamari, rehani, ndoa na urithi, yaani kwa zana zilezile ambazo wenye mali wa zama zake wanazitumia kihalali. Kama mna nafasi ya aya moja tu nzito, iwe hii.

Halafu ijaribuni hoja yenu kwa Hareton, mtoto wa Hindley. Heathcliff anamlea bila elimu, mtumishi ndani ya nyumba ya baba yake, na anatamka wazi kwamba anataka kuona kama upepo uleule hautaupinda mti mwingine. Haukupinda vilevile: Heathcliff anapokufa, Hareton ndiye anayemlilia. Wapo wanaosema ni tabia ya kuzaliwa. Siridhiki. Catherine mdogo, binti wa yule wa kwanza, naye anamcheka Hareton kwa kutojua kusoma, ila baadaye anamletea kitabu kilichofungwa vizuri kama zawadi na kuahidi kumfundisha. Heathcliff alipoondoka usiku ule hakuna aliyewahi kumfikia na la kumrudisha.

La mwisho linahusu kunukuu. Karibu yote haya tunayasikia kwa Nelly Dean, mtumishi wa nyumba, ambaye usiku wa kwanza alimwacha mtoto yule kwenye ngazi akitumaini kwamba asubuhi hatakuwepo. Mnapoandika "Heathcliff alikuwa mgumu na mwenye kinyongo," ongezeni "kwa maelezo ya Nelly". Kwa kosa hilo peke yake nilipoteza alama mbili.