Uliza Fundi: Kuchungulia ndani ya draiva

Wiki hii nimepata maswali kadhaa ya watu wanaoandika draiva za Linux (programu zinazouwezesha mfumo kuendesha vifaa) na wanataka kuona kinachoendelea ndani ya kifaa chenyewe. Nimeyajibu kwa mfuatano yalivyonifikia.

Nimenunua BMP280, kihisi cha joto na kanieneo ya hewa, Luthuli Avenue, nimekiunga kwenye bodi kwa I2C (nyaya mbili za kuunganisha chipu) na draiva nimeandika mwenyewe. Faili la kuonyesha rejista zake (visanduku vya ndani ya chipu vinavyoshika thamani zake) niliweke /proc, sysfs au debugfs? (Kasarani)

debugfs, bila kusita. Zote tatu ni saraka ambazo kerneli, yaani kiini cha Linux, huzitengeneza yenyewe kuonyesha hali yake. /proc ilikusudiwa michakato, na mengine yaliyojipenyeza humo zamani yamebaki kwa sababu hayang'oleki tena. sysfs ina sheria yake: faili moja, thamani moja. Tena ukishaweka faili humo umetoa ahadi. Kuna mtu Eldoret atakayeandika skripti ya kulisoma, na siku utakapobadilisha jina lake utakuwa umemharibia kazi. debugfs, iliyoletwa na Greg Kroah-Hartman mwishoni mwa 2004, haina ahadi kama hiyo. Ni karakana tu: leo unaweka kitu, kesho unakitoa, na hakuna wa kukulaumu.

Ila kabla hujaandika hata mstari mmoja, angalia kama draiva yako inatumia regmap, maktaba ya kerneli ya kusoma na kuandika rejista. Kama ndiyo, na umejaza max_register (rejista ya mwisho ya chipu), faili unalotaka lipo tayari. Ingia kama ruti (msimamizi mkuu wa mfumo) uandike:

cat /sys/kernel/debug/regmap/1-0076/registers

Hiyo 1 ni nambari ya basi (la I2C, si la Rongai) na 76 ni anwani ya chipu. Yako inaweza kuwa 77. Tafuta mstari wa d0. Ukiona "d0: 58", kweli umeuziwa BMP280. Ukiona 60, hiyo ni BME280, ambayo hupima pia unyevu wa hewa, na muuzaji amekupendelea bila kujua. Kwangu imekuwa kinyume: nililipia BME, nikafika nyumbani nikasoma 58.

Je, nikague jibu la debugfs_create_dir, ile ya kutengeneza saraka ndani ya debugfs, na kusimamisha draiva ikishindwa? (Ngara)

Usikague. Kerneli iliyojengwa bila debugfs itakurudishia kosa, na ukilipitisha kosa hilo kwenye debugfs_create_file litapokelewa kimya kimya. Mteja asikose mtandao eti kwa sababu dirisha la fundi limekataa kufunguka. Unachopaswa kukumbuka ni kuita debugfs_remove moduli (draiva yako) inapoondolewa. Siku hizi inafuta saraka pamoja na vilivyomo.

Nikisoma faili langu la debugfs mara tu bodi inapowaka, napata namba. Nikilisoma baada ya dakika chache, bodi nzima inaganda hadi nichomoe umeme. (Embakasi)

Hapo kifaa kimelala. Draiva imezima saa ya saketi (mapigo yanayoiendesha) ili kuokoa umeme, wewe unabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, na kwenye chipu nyingi prosesa itasubiri jibu lisilokuja kamwe. Kiamshe kwanza kwa pm_runtime_resume_and_get, soma, kisha uite pm_runtime_put. Kama unatumia debugfs_create_regset32, inayoonyesha kundi la rejista, jaza sehemu ya dev katika muundo wake nayo itakufanyia hayo yote.

Na kwa kuwa tuko hapo, kuna mtego mwingine ulionilia siku mbili. Nilikuwa na kifaa cha GPS kilichopoteza herufi kwenye UART (chipu ya mawasiliano inayopitisha biti moja moja) ya aina ya 16550. Nikaweka faili la kuonyesha rejista ya hali ya laini, nikaliangalia kwa amri ya watch, inayolisoma upya kila sekunde mbili. Kaunta ya makosa kwenye draiva ikaacha kupanda. Nikafurahi, nikaenda kunywa chai. Kumbe biti za makosa katika rejista hiyo hujifuta zikisomwa: nilikuwa nazichukua mimi kabla draiva haijazifikia, na herufi zikaendelea kupotea vilevile. Soma datashiti, maelezo ya mtengenezaji wa chipu, kwanza. Kwenye regmap, rejista za namna hiyo ziorodheshe kupitia precious_reg, nazo hazitaguswa na faili la debugfs.

Mteja wangu anataka dashibodi yake isome joto la kifaa kutoka debugfs. Nimpe? (Kawangware)

Hapana. Faili hilo ni la ruti, na kwenye mashine zenye lockdown, kinga inayozuia hata ruti kuchezea kerneli, iliyoingia kerneli 5.4 mwaka 2019, linaweza kufungwa kabisa. Joto lina nyumba yake, hwmon, sehemu ya kerneli ya vihisi vya afya ya mashine. Humo 42000 ni nyuzi 42, na programu nyingi zinajua kulisoma bila kuelekezwa.

Chipu yetu ya Wi-Fi inakufa usiku, draiva inaiwasha upya, asubuhi hakuna ushahidi. (Industrial Area)

Tumia devcoredump, kazi ya Johannes Berg, iliyopo tangu kerneli 3.18. Chipu ikianguka, draiva inakabidhi nakala ya kumbukumbu yake, nayo inatokea kama faili la data chini ya /sys/class/devcoredump. Ila inafutwa baada ya dakika tano, na ndiyo maana kuamka mapema hakutakusaidia. Andika kanuni ya udev (programu inayoshughulikia vifaa vinapojitokeza) inayoinakili kwenye diski mara tu inapojitokeza. Na tafadhali, usiitupe kwenye grupu la WhatsApp la mafundi: ndani yake mnaweza kuwa na vipande vya mawasiliano ya watu, hata funguo za mtandao wenu.