Barua kwa mwanangu aliyebaki kwenye kiti

Mwanangu, ugonile.

Ujumbe wako wa sauti niliupata Jumapili nikitoka kanisani. Niliusikiliza mara tatu chini ya mparachichi, maana ndani mdogo wako alikuwa amefungulia redio mpaka mwisho. Swali lako nalirudia hapa usije ukasema nimejibu jingine: "Mama, kuna bondia mkubwa yeyote aliyewahi kukataa kuendelea na pambano, halafu akabaki mkubwa?" Ukanieleza kwamba tangu usinyanyuke kwenye kona baada ya raundi ya nne, hapo Manzese wamekubandika jina la "Kiti", na hata yule muuza chipsi uliyekuwa unamuita ndugu sasa anakuuliza kama unakula umesimama au umekaa.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Tena lipo jambo huko mbele ambalo nisingeweza kulitamka huku nakusikia ukipumua.

Ngumi nazijua, na unajua nilikozijulia. Kabla hujazaliwa, mimi na baba yako tulikuwa na banda la video pale Mwanjelwa: deki moja, televisheni ya inchi 21, mabenchi manane, na mablanketi mawili mazito ya kuziba mwanga mlangoni. Filamu za kivita zilituletea watoto wasio na hela. Ngumi zilituletea watu wazima, hasa Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapomfukuza mtu barazani hata saa moja haijafika. Mimi ndiye niliyekaa mlangoni kukusanya kiingilio, kwa hiyo kaseti ambayo mteja aliiona mara moja, mimi niliiona mara thelathini.

Ndiyo, wapo. Nianze na Durán, maana najua ndiye wanayekutupia usoni.

Roberto Durán wa Panama walimwita Mikono ya Mawe. Juni 1980, huko Montreal, alimpiga Sugar Ray Leonard kwa pointi katika raundi 15. Ukihesabu na hilo, alikuwa ameshinda mapambano 72 na kupoteza 1. Akaingia kwenye sherehe, akanenepa, na marudiano yakawekwa upesi mno: 25 Novemba mwaka huohuo, New Orleans. Ikabidi auyeyushe mwili kwa haraka, na alipomaliza kupima uzito akala kama mtu aliyekuwa amefungiwa stoo. Ulingoni Leonard hakumuumiza kiasi hicho. Alimchezea. Raundi ya 7 akauzungusha mkono wa kulia hewani kama mtu anayetaka kurusha jiwe kwa kombeo. Durán akaufuata kwa macho, wa kushoto ukampata puani. Ukumbi ukacheka. Raundi ya 8 Durán akageuka, akampungia mwamuzi: basi. Inasemekana alitamka "no más", yaani "imetosha", ingawa mwenyewe anakana kuyasema maneno hayo. Alisema ni tumbo lilimkaba.

Nitakwambia ninavyoona mimi. Tumbo huenda liliuma kweli, lakini kilichomtoa ulingoni ni kile kicheko. Konde angelivumilia, alizaliwa nalo. Kuchekwa hakuna aliyewahi kumfundisha. Kuacha kwa namna ile sikupendi, nisikudanganye. Hata hivyo tazama kilichofuata. Kwao Panama walimtukana mpaka wakachoka. Tarehe 16 Juni 1983, siku anatimiza miaka 32, akamsimamisha Davey Moore raundi ya 8 pale New York na kuchukua mkanda. Mwaka 1989, ana miaka 37, akampiga Iran Barkley, jibaba lililomzidi urefu na upana, akatwaa ubingwa wa uzito wa kati. Leo ukitaja mabondia bora wa uzito mwepesi waliowahi kutokea, ukamruka Durán, hata babu wa kijiweni atakusahihisha.

Kwa hiyo swali lako nimeshalijibu, ningeweza kufunga bahasha hapa. Lakini nadhani hukuniuliza hilo. Uliniuliza kama wewe ni mwoga, ukamtuma Durán abishe hodi kwa niaba yako.

Wapo wengine ambao hali yao inafanana zaidi na yako. Vitali Klitschko, Aprili 2000, Berlin, alikuwa anaongoza kwa majaji wote watatu dhidi ya Chris Byrd. Raundi 9 zimeisha, bega limechanika kwa ndani, mkono haupandi, akabaki kitini. Wakamwita kila jina. Miaka mitatu baadaye alisimama na Lennox Lewis, uso umepasuka juu ya jicho mpaka unaogopa kutazama, na daktari alipolisimamisha pambano yeye ndiye aliyekuwa anagomba aachiwe aendelee. Mtu ni yuleyule. Sasa niambie, mwaka 2000 alikuwa mwoga, halafu ushujaa akaununua wapi?

Na huyu kijana Daniel Dubois wa Uingereza, Novemba 2020 alipiga goti raundi ya 10 mbele ya Joe Joyce, akaacha ahesabiwe mpaka mwisho. Mabondia wastaafu walimsema vibaya kabla hata hajafika hospitali, na hospitali ikaonyesha mfupa wa tundu la jicho la kushoto umevunjika. Septemba 2024 alimwangusha Anthony Joshua pale Wembley raundi ya 5. Wewe na mdogo wako mlipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Sikumbuki hata mmoja wenu akitaja lile goti.

Hata Mwakinyo wetu, usiku ule wa Liverpool Septemba 2022, alipokaa chini raundi ya 4 mbele ya Liam Smith kwa maumivu ya mguu, kisha akaja na maelezo ya viatu, nchi nzima ilimtengenezea vichekesho. Mimi pia nilicheka, nilikusambazia na wewe. Viatu vyenyewe sikuvivaa.

Sasa nikupeleke kwenye kaseti iliyonifunga mdomo.

Mwaka 1995 tuliletewa kaseti ya pambano la London, tarehe 25 Februari, Nigel Benn na Gerald McClellan, Mmarekani aliyekuwa akiwaangusha watu kama mtu anayekata migomba. Raundi ya kwanza alimrusha Benn nje ya kamba. Benn akarudi. Raundi ya 8 akamwangusha tena, Benn akarudi tena. Banda lilijaa mpaka wengine wakawa wanachungulia kwenye matundu ya mabati bure, nikashindwa kuwafukuza. Halafu McClellan akaanza kupepesa macho. Mdomo wazi, kinga ya meno inataka kudondoka. Raundi ya 10 akapiga goti, akasimama. Akapigwa kidogo, akapiga goti tena, akawa anamtazama mwamuzi akihesabu. Hakuwa amezimia, alikuwa anatazama tu mpaka ikafika kumi.

Banda zima lilizomea. "Kaacha! Kauza pambano!" Mzee mmoja alitaka nimrudishie kiingilio. Na mimi nilizomea, mwanangu, nimekaa mlangoni na bati la hela mapajani.

McClellan alitembea mwenyewe hadi kwenye kona yake, akakaa, akateleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni. Damu ilikuwa imevuja na kuganda kichwani, inakandamiza ubongo. Walimfungua fuvu usiku uleule. Alipona kufa, lakini hakuona tena, masikio yakabaki na kidogo sana, na ndugu zake wa kike ndio wakawa wa kumlisha na kumvalisha. Kaseti yetu ilikatikia pale alipokaa, kwa hiyo tulionyesha wiki nzima tukimzomea kila siku. Habari za hospitali zilitufikia baadaye sana, kwa gazeti lililofungiwa sukari.

Kupepesa macho kule ndiko kulikokuwa kunasema. Mtu aliyepigwa akianza kupepesa vile, au akasema kichwa kinapasuka, au akataka kulala, au akatapika, hapo si suala la moyo tena. Lishike hilo kwa ajili yako na kwa ajili ya wenzako wa gym.

Sasa lile jambo.

Umekua ukijua jicho la kushoto la baba yako liliharibiwa na cheche za kuchomelea. Ndivyo alivyokwambia, nami nilinyamaza. Si kweli.

Mwaka 1996 alipigana pambano la raundi sita kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Lilikuwa dogo, zawadi ilikuwa redio kaseti na hela ya kula wiki mbili. Lakini mtangazaji alimtambulisha kama "bingwa mwenye banda la video Mwanjelwa", na wateja wetu wote walikuwepo. Mwisho wa raundi ya nne alikaa. Nilikuwa nyuma ya kona yake kabisa, ningeweza kumgusa mgongo. Nilimsikia akimwambia aliyekuwa anampepea, "Upande huu sioni." Hakusema naumwa wala nimechoka. Yule kijana wa kona, alikuwa na umri kama wako sasa, akalishika taulo, lile la kurusha ulingoni kusimamisha pambano, akageuka kunitazama mimi. Mimi, mke wake.

Nikapiga kelele: "Simama! Unataka walizomee banda letu?"

Akasimama. Raundi ya tano na ya sita alipigwa upande uleule asiouona, kwa sababu mpinzani naye hakuwa mjinga, alishagundua. Akamaliza kwa miguu yake, akashindwa kwa pointi, watu wakampigia makofi. Kesho yake banda lilijaa, kila mtu anataka kumshika mkono mwanaume ambaye haachi. Jicho halikurudi. Alikuwa utingo wa lori wakati ule, anajifunza udereva, tayari tajiri amemwahidi usukani. Alipokwenda kupimwa macho, habari ya udereva ikaishia palepale, na ndipo akaangukia kwenye kuchomelea. Hizo cheche alizokwambia zilikuja baada ya jicho, si kabla.

Miaka yote tuliyoishi baada ya hapo hakunilaumu hata mara moja. Akinimiminia chai alikuwa anakishika kikombe kwa kidole ndani ya ukingo ili ajue imefika wapi. Wewe ulikuwa unamcheka, unasema baba anaosha vidole kwenye chai.

Ndiyo maana nilipouona mkanda wa pambano lako sikutazama ngumi. Nilitazama kona. Niliona ukimwambia kocha kitu, niliona ukionyesha mkono wa kulia, nikaona anakutazama usoni, hakutazama jukwaani. Kisha akamwita mwamuzi. Nililia pale kwenye simu mpaka mdogo wako akadhani umefariki.

Manila mwaka 1975, Joe Frazier hakutaka kabisa kuachia mbele ya Ali. Raundi 14 zilikuwa zimepita, imebaki moja. Jicho la kulia lilikuwa limefumba, la kushoto lina mtoto wa jicho tangu zamani, yaani alikuwa anapigana gizani. Kocha wake mzee, Eddie Futch, akamwambia akae, akamwita mwanangu, akamwambia yamekwisha na kwamba hakuna atakayesahau alichokifanya siku ile. Frazier alikasirika sana. Ile ndiyo kona ambayo baba yako hakuwa nayo, na aliyemnyima ni mimi.

Basi hao wa Manzese wakikuita Kiti, sina dawa ya midomo yao. Pengine nawe siku moja utaacha pambano kama Durán alivyoacha, kwa kuchekwa, na siku hiyo nitakwambia bila kukuficha. Hii haikuwa hiyo. Eksirei uliyonitumia nimempelekea yule nesi jirani yetu, akanionyesha kwa kalamu palipovunjika, chini ya kidole kidogo. Anasema usiinyanyue hata ndoo ya maji, na bandeji gumu usilichokonoe kwa waya wa hanga, maana anajua vijana.

Nakuja Alhamisi ijayo kwa basi la asubuhi. Nabeba ndizi mbalaga, maharage na yale maparachichi magumu, yataiva njiani. Mwambie kocha wako nataka kumwona, asiogope, siji kugomba. Nataka anieleze aliona nini usoni kwako ulipokaa. Halafu nimpe mkono.

Mama yako,
Mbeya