Waranti ya nyongeza na taa ya mbele ya LED

Taa ya mbele ya LED ikifa, waranti ya nyongeza unayonunua ili kuongeza muda wa ile ya kiwandani mara nyingi haigharamii, hata ile inayouzwa kwa jina la "kamili". Fungua ukurasa wa vitu visivyolipiwa: taa huwa zimepangwa pamoja na balbu, wipa na vioo. Ukikuta limeandikwa kasha zima la taa, hapo huna pa kushika.

Nimefungua taa kadhaa gerejini, naelewa kwa nini wauza waranti wanazikwepa. Taa nyingi za LED hazina balbu ya kuchomoa. Chipu zinazotoa mwanga zimefungwa humo ndani, na nyingine zina feni ya kupoza na vimota vya kugeuza mwanga kwenye kona, kisha lenzi imebandikwa kwa gundi. Kidude kimoja kikifa unauziwa taa nzima, na bei yake unaijua.

Ila usikate tamaa kabla fundi hajapima. Kwenye baadhi ya magari kiboksi cha kudhibiti umeme wa LED kimefungwa nje ya kasha na kinauzwa peke yake. Kikiwa ndicho kilichokufa, unaweza kudai kama kifaa cha umeme. Mwambie aandike kilichoharibika kwa jina, asiandike tu "taa mbovu".

Kama waranti ya kiwandani bado inaishi, anzia huko. Ukungu mwembamba unaokauka ukiwasha taa watakwambia ni kawaida, lakini maji yaliyotuama chini ya lenzi ni hoja. Iliyopasuka kwa kugongwa ni kesi ya bima.