Samansi ikikosewa jina au tarehe, je, hukumu ya upande mmoja inaanguka?

Mkuu wa Tukuyu, nimekusoma vizuri. Samansi, yaani karatasi ya kukuita mahakamani, imekosea herufi moja kwenye jina lako la ukoo, na tarehe ya kufika mahakamani imeangukia Jumapili. Ukaiweka kando. Sasa hukumu imetoka upande mmoja, yaani bila wewe kusikilizwa, na dalali wa mahakama, mtekelezaji wa hukumu, ameshapita kwako. Wachangiaji waliotangulia wamekuambia hukumu hiyo ni batili moja kwa moja. Nakusihi usiingie mahakamani na jibu hilo, litakuumiza.

Hakimu atajiuliza jambo moja: je, kosa hilo lilikufanya ushindwe kujua kwamba unadaiwa, nani anakudai, mahakama gani, na lini ufike? Kama ulijua yote hayo, herufi iliyokosewa haina uzito. Pale Mbalizi nina jirani aliyeandikiwa "r" mahali pa "l", na kwa majina yetu ya huku hilo ni jambo la kila siku. Akasema huyo si mimi, akakaa nyumbani. Alipoomba hukumu itenguliwe, mahakama ilitazama saini yake nyuma ya samansi, namba yake ya simu na mtaa wake, ikamkatalia. Kosa la namna hiyo mahakama inaweza kulirekebisha yenyewe. Katiba nayo, Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi.

Tarehe ni habari nyingine kabisa. Mama yangu mdogo anafanya biashara ya viazi Uyole, na alidaiwa kwenye Mahakama ya Mwanzo. Nakala aliyokabidhiwa ilisema tarehe 21. Akafika siku hiyo asubuhi na mapema, akaambiwa shauri lilisikilizwa tarehe 12 na mdai ameshapewa hukumu. Tuliomba kukagua jalada. Nakala iliyobaki humo ilisema 12, yaani karani alipogeuza tarakimu aligeuza kwenye nakala moja tu. Mama mdogo alikuwa ameitunza karatasi yake, na mwenyekiti wa mtaa aliyeshuhudia makabidhiano akakubali kuja kueleza alichokiona. Hukumu ilitenguliwa pale pale kwenye mahakama iliyoitoa, bila kukata rufaa. Ila shauri lilianza upya, na mwisho wake alilipa sehemu ya deni, kwa sababu sehemu ile alikuwa anadaiwa kweli. Wengi hawapendi kulisikia hili: kutenguliwa kwa hukumu kunakurudishia nafasi ya kusikilizwa, deni linabaki kubishaniwa.

Haki hiyo ya kusikilizwa ndiyo nguzo yako. Iko kwenye Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, na Mahakama ya Rufani iliieleza kwa uzito kwenye shauri lenye jina la kwetu huku, Mbeya-Rukwa Autoparts and Transport Ltd dhidi ya Jestina George Mwakyoma, Rufaa ya Madai Na. 45 ya mwaka 2000. Ilisema haki za asili, yaani kanuni kama ile ya kutohukumiwa bila kusikilizwa, zimekuwa haki ya msingi ya kikatiba. Mpe wakili wako shauri hilo.

Sasa Jumapili yako. Jumatatu ulikwenda? Kama ulikwenda ukaulizia masijala, ofisi ya majalada ya mahakama, liandike hilo kwenye kiapo, yaani maelezo ya maandishi ya kuapa yanayoambatana na maombi yako, mtaje na karani uliyeongea naye. Kama hukwenda, utaulizwa kwa nini mtu mwenye samansi mkononi hakuuliza, na sina hakika kwamba utaeleweka. Kisha angalia samansi yenyewe ilikutaka ufanye nini. Kama shauri liko Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi na uliamriwa kuleta utetezi wa maandishi, siku 21 zilianza kuhesabiwa ulipokabidhiwa karatasi. Hapo Jumapili haikusaidii kitu.

Kwa hiyo kagua jalada kabla ya kuandika chochote. Tafuta kiapo cha aliyepeleka samansi. Anatakiwa aeleze alifika saa ngapi, alimkabidhi nani kwa namna gani, na nani alimwonyesha nyumba au kushuhudia. Kuna viapo vinasema mdaiwa alikataa kusaini huku siku hiyo mdaiwa alikuwa Makambako na tiketi ya basi anayo. Ukipata kasoro ya aina hiyo, ina nguvu kuliko herufi ya jina mara kumi.

Muda usikuponyoke. Hukumu iliyotoka kwa sababu hukuleta utetezi, chini ya Amri ya VIII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, unaiombea kutenguliwa ndani ya siku 21 tangu itolewe. Ile iliyotoka baada ya mdai kusikilizwa peke yake, chini ya Amri ya IX, ni siku 30. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya nako ni siku 30. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake, waulize pale pale masijala. Ukiwa umechelewa, unaanza na maombi ya kuongezewa muda, na utatakiwa kueleza kila siku iliyopita. Kwenye shauri la Valambhia la mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba madai ya uharamu, yaani ukiukwaji wa sheria, ndani ya uamuzi wenyewe yanaweza kuwa sababu ya kuongezewa muda, na kunyimwa kusikilizwa ni uharamu wa aina hiyo. Lakini lazima uonekane kwenye kumbukumbu za jalada.

Na kwa kuwa dalali ameshafika, maombi ya kutengua peke yake hayamzuii. Ambatanisha maombi ya kusimamisha utekelezaji, kwa hati ya dharura, ile ya kuomba yasikilizwe haraka, wiki hii. Kama wakili ni gharama, watafute wasaidizi wa kisheria walio karibu nawe. Samansi yako halisi usimpe mtu, toa nakala.