Kabla hujamwita mwenzio mzushi

Ukoo wetu umechanganyika kama koo nyingi za Mtwara. Kwa baba ni Waislamu wa Mikindani, kwa mama ni Waanglikana wa Masasi. Humo humo wapo walokole, wapo vijana wa Ansari Sunna, Waislamu wanaotaka dini ibaki kama alivyoifanya Mtume, na yupo mjomba asiyeonekana msikitini wala kanisani, ila tambiko halimpiti. Tukikutana msibani maneno yanaruka: bidaa, shirki, uzushi, ukafiri. Kwa kuwa mimi ndiye huvutwa pembeni nikapoze, nimeona kwamba ugomvi mwingi hauhusu imani. Mtu katamka neno hili, mwenzake kasikia lile.

Bidaa ndiyo inayoharibu matanga kuliko yote. Kijana amerudi masomoni, anakuta jeneza linapelekwa makaburini kwa tahalili ya sauti, yaani watu wakitamka La ilaha illa Llah njiani, anasema hiyo ni bidaa, twende kimya. (Si jambo la kwetu tu, Ruangwa nako mabishano haya yamegombanisha watu.) Shangazi anamgeukia: "Unaniita kafiri, mimi niliyekufundisha kutawadha?" Hakumwita hivyo. Anayesema bidaa anakilaumu kitendo, kwamba kimeongezwa katika dini wakati Mtume hakukifanya. Shirki ni shtaka zito zaidi, kumfanyia Mungu mshirika. Kafiri ni kukuhesabu kuwa si Mwislamu kabisa, na murtadi ni kusema ulikuwamo ukatoka. Haya hayana jibu moja, na ukijibu shtaka ambalo hukushtakiwa unampa mwenzio sababu ya kulishika kweli.

Kwa hiyo ukiambiwa bidaa, mwulize kijana kwa upole: kitendo kipi, na kwa dalili gani? Hapo mtapata mazungumzo, kwa sababu mjadala wenyewe ni wa zamani na una wanazuoni pande zote. Khalifa Umar alipowaona watu wakiswali tarawehe, swala ya usiku wa Ramadhani, nyuma ya imamu mmoja alisema, bidaa njema iliyoje hii. Wanazuoni kadhaa wa Kishafii, madhehebu yanayofuatwa na wengi pwani yetu, wakaigawa bidaa kuwa ya kusifika na ya kulaumika. Mmoja wao, Izzuddin ibn Abdissalam, aliifikisha mafungu matano, kuanzia ya wajibu hadi ya haramu. Wenzao wanashika hadithi isemayo kila bidaa ni upotofu, na wanasema Umar alilitumia neno kwa maana ya kilugha tu. Shangazi akijua hivi hana haja ya kulia. Na kijana akijua hivi atapunguza sauti, ingawa wengine hawapunguzi.

Kwa upande wa Masasi neno linalochoma ni uzushi. Mtaani uzushi ni habari ya kutunga, ndiyo maana binamu yangu mlokole alipoambiwa na katekista kuwa mafundisho ya kikundi chake ni uzushi, alidai aombwe radhi kwa kuitwa mwongo. Katekista naye alishangaa. Kanisani uzushi ni fundisho linalokana jambo la msingi katika imani, na anayelishika anaweza kuwa mkweli wa moyo kabisa. Neno la Kigiriki lililo nyuma yake, hairesis, lilianza kwa maana ya kuchagua tu, kisha likawa kundi lenye mawazo yake. Arius, padri wa Aleksandria aliyefundisha kuwa Mwana wa Mungu aliumbwa, alihukumiwa na Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu, mwaka 325. Kosa lake lilikuwa fundisho.

Halafu mzushi lazima awe mtu wa ndani. Wakatoliki wanapambanua vizuri: mbatizwa anayekataa ukweli fulani wa imani kwa ukaidi ni mzushi, anayeiacha imani yote ni mwasi, anayekataa kuwa chini ya Papa amefarakana. Mjomba wangu hakubatizwa, basi uzushi haumhusu hata kidogo. Yeye wanampa ushirikina, neno lililotoka kwenye shirki na sasa limeenea kwenye mahubiri ya Kikristo hadi kurasa za michezo, timu ikiukwepa mlango rasmi wa uwanja. Sipendi linavyotumika. Hirizi, mganga, kaburi la babu, unga wa tambiko, vyote vinatiwa humo bila mtu kuuliza mwenye kutambika anaamini nini. Hapo Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu kuanzia 1926, alilichukua jando lenyewe, akaondoa alichoona hakifai na kuweka sala za Kikristo. Mwambie mlokole wa leo habari hiyo uone uso wake.

Mimi nikitaka kumtaja ndugu bila kumhukumu nasema "ana msimamo wake" au "hao wanaswali kimya". Inatosha, na hakuna anayeondoka amenuna.

Ila lipo neno moja ambalo huku kusini ningeomba tulibane zaidi ya hayo yote: itikadi kali. Itikadi peke yake ni imani tu. Lakini tangu vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vilipoanza mwaka 2017, na hasa tangu kijiji chetu cha mpakani cha Kitaya kiliposhambuliwa Oktoba 2020, ukimwambia mtu ana itikadi kali unakuwa umemtaja kwa polisi. Nimewasikia watu wakimpa jina hilo jirani kwa sababu kapandisha suruali juu ya kifundo na hataki maulidi. Huyo ana rai kuhusu bidaa, na tumeshaiona ilivyo. Ukimkuta mtu anawashawishi vijana wavuke Ruvuma wakapigane, hapo usinyamaze: nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, umweleze alisema nini, lini, na nani walikuwepo. Sifa ya itikadi usiitie wewe, waachie watakaochunguza.